Kimya na Tausi

Dada yangu mkubwa ni mchapaji. Mumewe ni fundi miwani, mtu mpole mwenye kigugumizi, na kwa miaka ishirini na sita dada ndiye aliyekuwa akimmalizia maneno. Shemeji akianza, "Niletee ki... ki...", kikombe kimeshafika mezani. Sisi wa nyumbani tulikuwa tukisema, hao ndio wanaopendana.

Mwaka juzi dada alipata kazi ya muda chuo kikuu, kwa Profesa mmoja, mama wa makamo anayechunguza vyumba vya soga vya mtandaoni, vile vya zamani ambavyo watu waliingia kwa majina ya bandia. Wenye chumba kimojawapo walikuwa wamemkabidhi mazungumzo yote. Profesa alitaka kujua watu walivyojitafuta mle ndani: karani mwoga anajifanya jemadari, bibi mwenye wajukuu anaandika kama msichana wa miaka kumi na minane. Kazi ya dada ilikuwa kusoma mstari mmoja mmoja na kuuwekea alama: huu utani, huu ugomvi, huu mtu anajichunguza. Sharti lilikuwa moja tu. "Usimtafute mtu aliye nyuma ya jina," Profesa alimwambia siku ya kwanza.

Dada hakumtafuta mtu. Mtu ndiye aliyemjia. Jina lake mle lilikuwa Kimya, na alikuwa akizungumza na mwanamke aitwaye Tausi. Alimsimulia jinsi alivyotumwa dukani akiwa mtoto kununua sabuni, neno likakataa kutoka, akaona aibu, akaomba chumvi.

Dada alisukuma kiti nyuma. Kisa hicho alikijua. Shemeji alimsimulia mara moja tu, wiki ya harusi. Lakini Tausi alipewa na kipande ambacho yeye hakupewa: kwamba njiani kurudi, mtoto yule alisimama akauambia ukuta "sabuni, sabuni", mara thelathini, bila kukwama hata mara moja.

Akaangalia tarehe. Siku ile yeye na mumewe walikuwa na miaka mitano ya ndoa. Saa nane mchana, saa ambayo wateja wa miwani huwa wachache.

Wiki nzima alisoma kwa wivu. Tausi alimwuliza Kimya anaogopa nini, na Kimya akajibu kurasa mbili. Tausi alimtania, Kimya akamrudishia utani. Kumbe mume wake alikuwa mchekeshaji! Nyumbani dada akawa anapakua chakula kwa kishindo. Akanipigia simu: "Mdogo wangu, nimeibiwa mume miaka ishirini iliyopita na leo ndiyo najua."

"Mwulize basi," nikamwambia.

Alimwuliza Jumamosi, pale dukani, shemeji akiwa anafuta kioo cha miwani.

"Tausi ni nani?"

Shemeji aliweka kitambaa chini. "Ni mi... ni mi..."

"Ni miaka mingi imepita, ndivyo unavyotaka kusema?"

"Ni mimi."

Dada alicheka kwa hasira. Shemeji hakucheka. Alieleza polepole kwamba mchana ule chumba kile kilikuwa kitupu, watu wengine wako kazini, na yeye hakuwa na wa kusema naye. Ndipo akajitengenezea jina la pili limwulize maswali.

"Hukuwa na wa kusema naye? Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwapo. Uli... uli..."

"Nilikufanya nini?"

Shemeji akakiokota kitambaa, akaendelea kufuta kioo. Dada akaelewa alichokifanya yeye mwenyewe, sasa hivi na miaka yote: kumkatiza.

Hata hivyo hakuamini. Jumatatu alimwungamia Profesa kwamba amevunja sharti. Profesa alikunja uso, akalifungua na kulifunga faili lake la mazungumzo yale, lakini dada akawa ameshaona alichoandika Profesa pembeni kwa kalamu nyekundu: *majina mawili, kompyuta moja.*

Mngedhani hapo ndipo wivu ulipoyeyuka. Wapi! "Angekuwa mwanamke ningekwenda kumgombeza," aliniambia. "Sasa nimgombeze nani? Mwanaume ameona bora ajiulize mwenyewe kuliko kuulizwa na mimi." Alimwonea wivu Tausi kuliko ambavyo angemwonea mwanamke wa jirani. Aliuonea wivu uvumilivu wake hasa: Tausi alikuwa akingoja hadi Kimya amalize.

Profesa alimwandikia shemeji barua kuomba ruhusa ya kuyatumia maneno yake, na kumwalika ahojiwe. Shemeji akakubali. Siku ya mahojiano dada alikaa kwenye benchi la ukumbini pale chuoni, mkoba mapajani, akisikia kupitia mlangoni sauti ya mumewe ikikwama na kuendelea, kwa saa mbili, na Profesa kimya. Ananiambia alitamani kuubomoa ule mlango.

Shemeji alipotoka, dada alimwuliza, "Mmeongea nini?"

Shemeji alianza kujibu. Neno la kwanza likakwama. Dada alilijua, lilikuwa mdomoni mwake tayari. Wanafunzi waliokuwa wakishuka ngazi wakawapita, mfagizi akawaomba wasogee, wakasogea. Dada akafinya mkono wa mkoba akanyamaza. Neno likatoka, na halikuwa lile alilolidhania.

Bado ana wivu, msije mkadanganyika. Lakini siku hizi ukienda kwao kula, jiandae: chakula cha mchana kinaisha saa kumi.