Kamanda Chini ya Propela

Mama Nati alikuwa fundi wa malori kwa miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo alikuwa amefungua kila kinachofunguka, ndoa yake ikiwemo. Kwa hiyo lori la mume wake wa zamani lilipovutwa kwa mnyororo hadi langoni mwa gereji yake, hakushtuka. Aliinama, akachungulia chini ya bodi, akacheka mpaka miwani ikamdondoka.

Propela, lile bomba la chuma linalopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi magurudumu ya nyuma, ilikuwa imejisokota kama shuka lililokamuliwa.

Mwenye lori, ambaye madereva wenzake walimwita Kamanda kwa kuwa alipenda kuamrisha na hakuna aliyewahi kumtii, alieleza kwamba alikuwa akipandisha mlima wa machimbo na mzigo wa kawaida tu. Kawaida yake ilikuwa lori na nusu. Safari hii alikuja na propela mpya, nene kama paja, kutoka kiwanda kingine kabisa, si kile kilichounda lori, na imetengenezwa kwa kazi za kikatili. Muuzaji alimwapia kwamba itadumu hadi imzike. Mafundi watatu walikwisha kumkatalia kazi hiyo, kila mmoja kwa kisingizio chake, ila wote kwa sababu ya mdomo wake.

Mama Nati aliipima kwa utepe, akapima na nafasi iliyopo chini ya lori, akaona vinaoana. Akamweleza wazi kwamba chuma hicho hakitakatika, lakini akiendelea kubeba mlima mzima, nguvu zikishindwa hapo zitahamia kwenye difu, zile gia za katikati ya magurudumu ya nyuma, na kuzivunja. Kamanda aliitikia kama alivyokuwa akiitikia enzi za ndoa, yaani hakusikia.

Mama Nati akamwambia alale chini ya lori amshikie propela. Gereji ilikuwa na jeki ya kazi hiyohiyo, nzima, imeegemea ukutani. Hakuona haja ya kuitaja.

Magurudumu yakawekewa magogo. Kamanda akalala chali juu ya kadibodi, kilo arobaini za chuma kifuani, na Mama Nati akajilaza ubavuni mwake, bega kwa bega, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa miaka sita. Alifunga bolti mbili za mbele, kisha akaweka spana chini.

"Kamanda, mama yako anaamini mimi ndiye niliyekufukuza. Ulimwambia hivyo?"

"Funga kwanza, Fundi. Hiki kitu kizito."

"Kizito kweli. Ulimwambia?"

Kamanda alitazama vyuma vya chesisi juu yake kama mtu anayetafuta mlango. Hatimaye akasema. Wateja walikuwa wanakuja nyumbani, wanampita pale kizingitini kama pazia, wanauliza fundi yupo. Dukani akaitwa mume wa fundi. Asubuhi moja, mkewe akiwa kazini, alikusanya nguo zake akaenda zake, na ili asionekane bwege akamwambia mama yake kwamba ametimuliwa.

Miaka yote sita Mama Nati alidhani kilichomkimbiza mumewe ni harufu ya dizeli, na alikuwa amejaribu kila sabuni ya manukato iliyopata kuuzwa mtaani. Alitaka kulia, na alitaka kumpiga na spana, akashindwa kuchagua. Akatoa simu, akapiga, akamwekea sikioni.

Kamanda alimweleza mama yake kama anayejing'oa jino mwenyewe. Sauti ya bibi huyo ilisikika hadi uani.

"Sasa hivi uko wapi?"

"Chini ya lori, mama. Nimeshika propela."

"Kaa hapohapo. Mpe mkwe wangu simu."

Wanawake hao walizungumza kwa muda. Kamanda aliambulia maneno ya upande mmoja tu: "Hapana, mama," na "Anapumua, ndiyo."

Kazi ikaisha vizuri. Bolti zikakazwa kwa zamu, huku na huku, grisi ikaingizwa kwenye krosi, vile viungo vya ncha za propela, mpaka ikachungulia. Kamanda alipotambaa nje, akaiona jeki. Akamtazama mkewe wa zamani, akaokota kadibodi yake. Mama Nati aliliendesha lori mwenyewe hadi juu ya mlima na mzigo wa kiungwana, na hata kioo cha pembeni hakikutetemeka. Waliposhuka, Kamanda akaanza kuzungukazunguka maneno kuhusu kurudiana. Akajibiwa kwamba kama mteja amesamehewa, ila nafasi ya mume haijatangazwa.

Wiki iliyofuata, mama yake Kamanda alifika gereji kwa miguu yake, fimbo mkononi. Mama Nati alimkimbilia na kumsaidia kuketi, akimkumbusha kwa upole kwamba yeye si mkwe tena.

"Aliyekuacha ni yeye," bibi akasema, akivuta pumzi. "Mimi aliniuliza?"

Mama Nati akamfutia grisi kwenye mkono wa kiti, akaenda kuchemsha chai, na alichelewa kidogo kurudi kwa sababu ilibidi anawe uso.