Masega Mapya na Posa ya Kondoa

Nilisikia kitu kinatafuna. Taratibu, kwa raha zake, chini ya gari, kama mbuzi aliyepata mabua makavu, na mimi nilikuwa nimelaza kiti cha dereva, kofia usoni, nikawaza, mbuzi wa watu huyu, mwache ale. Jamani, katika aibu zote za siku ile hiyo ndiyo inayonichoma mpaka leo: niliusikia moto ukila nyasi za watu niliotaka wawe wakwe zangu, nikautakia chakula chema.

Nianze mbali kidogo. Gari lenyewe ni dogo, la bluu, lenye turbo, lile ambalo vijana wakiliona wanageuza shingo na akina mama wanashika watoto mkono. Lilikuwa limeanza kuchoka, ukikanyaga mafuta linavuta pumzi halafu linakwama katikati, kama mtu aliyefunikwa blanketi puani. Nikalipeleka Ihumwa kwa fundi Yohana, rafiki yangu tangu sekondari, akafungua bomba la moshi akanionyesha masega, yale matundu madogo madogo ya ndani ambayo kazi yake ni kuchuja moshi. Yalikuwa yameyeyuka na kuziba kabisa.

"Tunayatoboa, kaka," akasema. "Mji mzima wanatoboa. Bomba likibaki tupu, gari linaruka."

Nikakataa. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba yapo masega yanayopitisha moshi kwa wingi, yanachuja na bado injini inapumua, na mimi nikishapata kitu cha kudadisi hata chakula hakipiti. Yohana akatafuta, zikapatikana aina mbili. Ya kwanza ya kauri, vitundu vidogo, yamevalishwa kinga ya bati juu na chini ili joto lisitoke, mazito, yamekaa kiheshima kama mzee wa baraza. Ya pili ya chuma, mafupi, vitundu vikubwa, yanang'aa, na kinga hayana. Nikayainua haya ya pili, nikayaelekeza juani, nikachungulia (na mtu aliyewahi kuchungulia hivyo msimtegemee kuchagua kwa akili): anga lote la Dodoma lilikuwa mle ndani, limekatwa vipande vidogo vya bluu, kila kipande na chumba chake, na nilipogeuza mkono vyumba vyote vikawaka kwa pamoja.

"Haya hapa," nikasema.

"Yatakaa karibu na turbo, yatapata moto kweli kweli," Yohana akasema, lakini na yeye alikuwa ameyachungulia, macho yake yalikuwa yale yale ya kwangu. "Kinga tutayatengenezea wenyewe."

"Lini?"

"Kesho."

Kesho yake ndiyo ilikuwa posa.

Sasa, kwetu mwenye posa haendi. Anatuma washenga, watu wazima wenye maneno laini, na yeye anabaki nyumbani akijifanya ana shughuli. Mjomba Idi na baba mdogo Athumani ndio waliotakiwa kwenda Kondoa kumposa Zuhura, tuliyejuana naye chuoni, na kwao hakuna aliyewahi kuniona hata kwa picha. Ningeweza kutafuta dereva. Lakini nilitaka kujua mambo mawili: masega mapya yanapumuaje kwenye vilima vya kule mbele ya Haneti, na kwao Zuhura kukoje, mlango wao una rangi gani, baba yake akicheka anachekaje.

"Dereva nitakuwa mimi," nikamwambia mjomba. "Hawanijui."

"Hutashuka?"

"Sitashuka."

"Hutasema neno?"

"Mjomba, mimi bubu kuanzia sasa."

Njiani gari lilipumua, wacha niseme ukweli, lilipanda vilima kama limeitwa na mtu kule juu, na kila nikikanyaga lilitoa mngurumo mzito wa kifuani, baba mdogo akisoma dua kiti cha nyuma na mjomba ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Selemani," akasema, "tunakwenda kumwomba mwanamke au kumteka?"

Tulipofika alitupokea shangazi yake Zuhura, Bi Mwanaidi, mama mrefu mwenye macho yasiyopoteza kitu, akanionyesha uwanja uliofagiwa vizuri mbele ya nyumba. "Dereva, weka hapo." Na mimi nilikuwa nimeshaliona dirisha la sebule upande wa pili, liko wazi, pazia linapepea. Nikajifanya nakimbia jua, nikazungusha gari mpaka chini ya dirisha lile, juu ya nyasi za kiangazi zilizosimama kavu kama nywele za mgonjwa. Hilo ndilo kosa lenyewe. Nilitaka kusikia nikiombewa.

Na nilisikia. Nilisikia vikombe vya kahawa, nilisikia mjomba akizunguka na maneno yake ya ua zuri lililoonekana katika bustani hii, kisha Mzee Hamisi, baba yake Zuhura, akauliza, "Na huyo kijana wenu yuko wapi?"

"Kabaki Dodoma," mjomba akajibu. "Kijana mtulivu sana. Hata sauti yake kuisikia ni bahati."

Hapo mbuzi alikuwa anaendelea kutafuna. Kisha mbuzi akakohoa moshi.

Nikaruka nje, nikainama, nikaona masega yangu mazuri yamekuwa mekundu na nyasi chini yake zinashika, moto unatambaa kuelekea kichanja kilichojaa mahindi ya mwaka mzima ya familia ile, na ubongo wangu, katika majina yote ya duniani, ukachagua moja.

"Zuhura! Maji! Zuhura!"

Zuhura akatoka jikoni mbio na ndoo. "Selemani, toa gari kwanza!"

Nikalitoa. Wanawake wakamwaga ndoo, masufuria, mpaka maji ya pilau yaliyotekwa mbali alfajiri, na moto ukafa hatua chache kabla ya mahindi. Dirishani alikuwa amesimama Mzee Hamisi, kikombe mkononi.

"Dereva analijua jina la binti yetu," akasema polepole. "Na binti yetu analijua jina la dereva."

"Mshenga," Bi Mwanaidi akamgeukia mjomba, "yule mtulivu ndiye huyu?"

"Kwa kawaida," mjomba akasema, "huwa hachomi."

Mzee Hamisi akatoka nje. Nikainamisha kichwa kusubiri matusi, lakini alinipita, akakunja kanzu yake, akapiga magoti pale kwenye majivu akachungulia chini ya gari. "Hicho chekundu ni nini?" Nikamweleza jinsi moshi unavyoingia mchafu na kutoka umepungua uchafu, jinsi vitundu vikiwa vikubwa injini inavyopumua, na yeye akauliza kwa nini hakipoi, na baba mdogo naye akapiga magoti, kwa dakika chache posa yangu ikawa wazee wawili wameweka mashavu chini wakitazama chuma kikipoa. Bi Mwanaidi pekee hakuinama. Alikuwa anahesabu ndoo tupu.

Nikaitwa ndani, uso una masizi, nikakaa ukingoni mwa kiti. Zuhura hakuonekana. Nilijua jambo moja tu, kwamba kwa udadisi wangu nimempoteza.

"Washenga," Mzee Hamisi akasema, "posa tumeisikia. Jibu mtaletewa kwa desturi. Mwenye posa yuko Dodoma, mmesema wenyewe, kwa hiyo sisi hatujamwona." Akanitazama. "Leo tumemwona dereva tu."

Alikuwa amenisitiri, na nusura nilie. (Gari lina kinga ya bati siku hizi. Siegeshi penye nyasi, na dirisha la mtu silisogelei hata kama ndani wananisifu.)

Bi Mwanaidi akanishika bega akanisindikiza mpaka mlangoni, ambao ni wa kijani, kama mnataka kujua. "Dereva, kasubiri nje. Na huyo tajiri yako mwambie, siku akiitwa, aje na basi."

"Sawa, shangazi."

"Shangazi bado," akasema, akafunga mlango nyuma yangu.