Kimya Ambacho Bibi Hakukitaka

Usiku ule nililala bila jibu, na jibu lilikuwa linasubiriwa. Asubuhi baba mdogo angeniuliza kama naikubali posa ya Idrisa, mwalimu wa hesabu, na kwetu Pangani binti akinyamaza huhesabiwa amekubali. Mimi ninayesifika kwa mdomo sikujua niseme nini.

Ndipo Bibi Mwanaidi akanijia ndotoni. Alifariki kabla hatujamaliza riwaya niliyokuwa nikimsomea kila alasiri barazani, habari za binti mmoja hodari wa kuwatafutia wenzake wachumba, ambaye moyo wake mwenyewe haujui unataka nini. Bibi alikuwa mshenga wa mtaa mzima, kwa hiyo hakumsamehe. "Huyu kazi haijui!" alikuwa akisema. Idrisa, aliyezoea kuja kusikiliza, alimtetea binti yule, nami nilimpinga Idrisa, basi tukabishana sote watatu mpaka chai ikapoa.

Sasa namwona Bibi amekaa palepale, kajitanda kisutu kipya, anachagua mchele. Mara baraza imekuwa darasa langu la zamani, na kwenye madawati wamejaa wanawake aliowapelekea posa, wazee kwa vijana.

"Soma," ananiambia.

Nasoma. Sauti yangu inatoka dirishani, inafika hadi sokoni, na Bibi anawageukia wenzake.

"Mjukuu wangu huyo."

Kifua kinanijaa. Nilikuwa nimesahau jinsi nilivyopenda kusifiwa naye, na ninasoma kwa madaha zaidi, bila haya hata kidogo. Nafika ukurasa tulioishia. Bibi ananyoosha mkono wenye hina, nami nanyamaza.

"Kila ukimaliza sura, ulikuwa unamtazama nani?"

Nataka kumwambia sikumtazama mtu. Lakini macho yangu yamekwisha kwenda mlangoni, yanamtafuta wa kuja kunibishia, na mlangoni hayupo. Moyo unaniuma kwa namna ambayo sikuitarajia. Wanawake wote wananiangalia, wengine wanacheka chinichini.

"Basi usinyamaze," Bibi anasema. "Nimepeleka kimya cha wasichana wengi kwa wakwe. Chako sitaki kipelekwe."

Nikaamka. Nilioga, nikatoka barazani, nikawakuta baba mdogo na shangazi wameshamimina chai.

"Haya mwanangu," baba mdogo akasema, "tuwajibu nini?"

Nikavuta pumzi. Shangazi akaona kimya, akapiga kigelegele.

"Shangazi, ngoja kwanza! Sijanyamaza, navuta pumzi."

Akabaki mdomo wazi. Nikasema kwa sauti ileile ya kusomea, hadi jirani akafungua dirisha:

"Namtaka Idrisa. Na mkienda kumwambia, mwambieni nimesema mwenyewe."