Jumamosi Zangu za "Kazini" Alizilipia Wifi Yangu

Admin, ukiposti hii ficha jina, ficha na herufi ya kwanza. Waswahili wa upande huu wa Washington tunajuana mpaka kwa viatu vilivyovuliwa mlangoni.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na minne, mzaliwa wa Tanga, naishi Maryland. Ninayoyaeleza yalitokea mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikaa Adelphi, ghorofa ya pili: mimi, mume wangu aliyeendesha teksi Alexandria, binti yetu asiyetimiza mwaka, na wifi yangu, mdogo wa mume wangu, aliyekuja kusomea uuguzi. Mimi nilikuwa natandika vitanda hotelini.

Hoteli ikanipangia Jumamosi. Mume naye Jumamosi yuko barabarani. Somo la vitendo la wifi lilikuwa Jumamosi asubuhi tu, na bila somo hilo humalizi. Akasema, "Nitalichukua muhula ujao. Darasa litaningoja, kazi haikungoji." Akabaki na mtoto.

Baada ya miezi miwili hoteli ikanirudishia Jumamosi zangu. Hapo ndipo dhambi ilipozaliwa, na ilizaliwa kimya kimya. Sikusema uongo. Niliacha tu kusema.

Kulikuwa na Mkenya tuliyefanya naye kazi, nimwite Achieng, akikaa Riverdale. Yeye na wenzake wanane, mchanganyiko wa mataifa, walikuwa wakiendesha baiskeli kila Jumamosi. "Si ukuje tu," akaniambia, "ama unataka kuzeeka ukikunja mashuka za wenyewe?" Nikaenda kutazama. Akanipa baiskeli ya dada yake.

Jamani, nilipenda. Tulifuata njia za kando ya mto, aliye nyuma akiona gari anapiga kelele "gari!", na neno linapokezwa mdomo kwa mdomo mpaka linamfikia wa mbele. Mlimani haachwi mtu. Wanakungoja juu wakila machungwa, wanakucheka kwanza, halafu wanakumenyea na wewe. Kwa saa nne sikuwa mama wa mtu wala mke wa mtu, nilikuwa yule wa mwisho mwenye kofia nyekundu. Baridi ilipokaza wakahamia kwenye theluji, vilima vya magharibi huko, mbao ndefu nyembamba miguuni. Mtu wa Tanga juu ya mbao zile ni meza iliyoamua kutembea. Nilianguka mpaka nikajua theluji ina ladha gani, na nilicheka kuliko nilivyocheka harusini kwangu.

Nyumbani nilitoka na sare ya hoteli chini ya koti, nikibadilisha kwa Achieng. Watu wetu wa huku wana adabu moja: ukisema uko kazini, hakuna anayeuliza zaidi. Ni udhuru unaopita hata msibani. Jioni nikirudi miguu inauma, wifi ananiwekea maji ya moto na chumvi kwenye beseni. "Pole wifi. Hawa watu wanakutumikisha kama punda." Nami, miguu ndani ya beseni, naitikia, "Ndiyo maisha." Muhula ukaisha, ukaja mwingine, akauacha nao.

Februari nikaanguka, nikateguka kifundo cha mkono. Nikasema nimeteleza kazini. Wifi, mpole siku zote, akapandwa na hasira. "Mtu kaumia kwao, halafu wanamrudisha na kitambaa tu?" Kabla sijapata uongo wa pili alishapiga simu hotelini, kwa kile Kiingereza chake cha kupanga neno kwa neno. Nilikaa kwenye kochi nikitazama mgongo wake. Akasikiliza. Akasema asante. Akarudisha simu ukutani taratibu.

"Wamesemaje?"

"Wamesema pole."

Akaenda kukoroga uji wa mtoto.

Jumamosi ya kwanza baada ya mkono kupona, niliamka nimeshaamua kubaki nyumbani. Nikamkuta jikoni, chai tayari, mtoto mgongoni. Akasema bila kugeuka, "Vaa soksi mbili, wifi. Huko kazini kwenu kuna baridi."

Nikavaa soksi mbili, nikaenda.

Hapo ndipo ninapojishitaki. Ya mwanzo naweza kuyasingizia ujana. Ya siku ile sina pa kuyatundika.

Chuo kilimfuta kwa kutohudhuria somo lile la Jumamosi, na kibali chake cha kukaa kilikuwa cha masomo. Siku chache kabla hajarudi Tanga, kaka yake alimsema mezani, kwamba amepewa Marekani mkononi akalala. Wifi alimeza tonge lake, akajibu, "Masomo yalinishinda, kaka." Mimi nikawaongezea mchuzi.

Leo ana duka la vitambaa. Hajawahi kunitupia neno, hata la mafumbo, na watu wa kwetu mnajua mafumbo tunavyoyaweza.

Sasa binti anaolewa mwezi ujao na amemkatia shangazi yake tiketi. Juzi alinisomea hotuba yake, kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia tu. Humo anamshukuru mama aliyeamka kila Jumamosi kutandika vitanda vya watu ili yeye ale. Akalia. Baba yake akalia. Mimi nikaomba maji.

Shangazi mtu atakaa meza ya mbele akiyasikia hayo. Nikimwambia binti ayafute, atauliza kwa nini. Nikimwomba wifi msamaha pembeni, namjua, atasema "nimeshasahau", na tutabaki palepale: yeye mvivu, mimi mchapakazi. Mume wangu mpaka leo anamwita dada yake "yule aliyelala Marekani".

Msiniambie nimwombe Mungu. Yeye aliyaona yote. Asiyejua ni mume wangu. Nimwambie kabla ndege haijatua, na harusi ya mtoto iwe itakavyokuwa? Au nisimame siku yenyewe nimkatize binti yangu mbele ya watu? Nielekezeni, ndugu zangu. Na mnaojua kupanga maneno, nipeni hata lile la kwanza.