Imelda na Supu ya Mzazi

Jamani, Imelda hata soda alikuwa anainusa kwanza. Mlokole wa Marangu huyo! Alikuja Guangzhou kusoma, akabaki akiwaendeshea wafanyabiashara gari la mizigo. Leseni ya Kichina aliipata kwenye mtihani wa tatu, na siku hiyo tulichinja bata. Leseni hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha.

Agosti 2009 serikali ikakaza kamba. Askari kila kona na vipimo vya pumzi, mchana kweupe. Ukipuliza ishirini, leseni inazuiwa. Ukifika themanini, huo ni ulevi kamili, unalala ndani siku kumi na tano. Walevi wetu wote wakamkimbilia Imelda awaendeshe.

Jumamosi moja tulipakia marobota yangu ya nguo kwenye gari lake, mtaa wa Guangyuan Xilu. Kontena lilikuwa linafungwa saa kumi. Nikabaki nikigombana na wachukuzi, yeye akapanda ghorofani kumpongeza mke wa laoban, mwenye duka letu, aliyejifungua. Akakaa huko! Aliposhuka alikuwa anacheka peke yake.

"Nelly, nimekunywa mtori wa Kichina! Kuku, tangawizi, bakuli tatu! Chakula cha mzazi hakikataliwi, au sivyo?"

Nikamnusa. Mama wee! Kuku wa mzazi wa kule hupikwa kwa pombe ya mchele, maji hawatii hata tone.

"Umelewa, mwenzangu."

"Mimi? Nimeokoka!" Akacheka mpaka akakaa chini.

Saa tisa na nusu. Ghala la wakala wa meli, lilikokuwa kontena, lilikuwa mtaa wa pili. Nikamwambia, bila haya, "Endesha polepole tu. Nani atakuona?"

Akaacha kucheka. Akachomoa ufunguo, akautumbukiza kwenye sidiria. "Unautaka? Njoo uuchukue."

Nilimtukana, Mungu anisamehe, huku nikiita wachukuzi wenye mikokoteni. Tukahamishia marobota kwenye mikokoteni, na kwa kuwa miguu ilikuwa imemkataa Imelda, tukampandisha juu yake. Akaanzisha pambio, na wachukuzi, bila kujua hata neno moja, wakaitikia "Haleluya!" Hasira zikaniisha, nami nikaitikia.

Kwenye kona, askari. Walipotuona wakacheka, na mmoja akampa Imelda kipimo kwa utani. Akapuliza kwa madaha yote.

Themanini na tatu.

"Gari lako liko wapi?" Askari hakuwa anacheka tena.

"Hili hapa!" Imelda akalipiga robota kofi. "Halitumii mafuta!"

Wakacheka wakashika mbavu, wakatupisha. Kontena tuliliwahi, lakini mimi nilifika ghalani nimeushika mguu wa Imelda kwa mikono miwili, nikijirudia: themanini na tatu, siku kumi na tano.