Dozi ya Mlingoti

Aliyejenga kaunta ya duka lile la dawa hakufikiria watu wafupi. Mfamasia, waliyembandika jina la Kidonge, alionekana kuanzia puani kwenda juu. Mwaka wa nne huo anaomba kaunta ikatwe, na kila akiomba bosi anacheka mpaka machozi. Wateja nao ndio kabisa: "We mtoto, mama yuko wapi?" Mtoto mwenyewe ana miaka thelathini na minane, na kifungua mimba wake keshampita kimo.

Waliyemheshimu ni Mlingoti, mpanga maboksi, jibaba ambalo kichwa chake nusura kiguse feni. Walimwita daktari. Hakuwakatalia hata siku moja; alikohoa tu, akanyoosha kola.

Asubuhi hiyo aliingia baba mmoja, mtoto wa miezi saba amemlalia begani, mwili unachemka. Kidonge akaweka juu ya kaunta dawa ya homa, ile kali ya wachanga inayopimwa kwa kibomba. "Subiri nikuandikie kipimo," akasema, akainamia droo kutafuta kalamu. Kwa yule baba, ikawa kama hakuna mtu tena pale.

"Daktari, nampa kiasi gani?"

"Kijiko kimoja, mara tatu," Mlingoti akajibu kama kasuku. Ndivyo alivyosikia ikisemwa kila siku, ila kwa dawa ya watoto wakubwa.

Kidonge alipoinuka, chupa haipo, mtu hayupo. Neno "kijiko" alikuwa amelisikia akiwa bado ameinamia droo. Akachukua kibomba, akapita chini ya kaunta bila hata kufungua kilango, akatoka mbio hadi barabarani na kumdaka yule baba shati.

"Nipe hiyo chupa."

"Binti, niachie. Daktari keshanieleza."

"Daktari gani? Yule anapanga maboksi. Mfamasia ni mimi." Akamnyang'anya. "Kijiko kizima cha hii ni sumu kwa huyu mtoto. Unapima kwa hiki kibomba, mwisho mstari mwekundu."

Baba akamtazama, kisha macho yakamruka, yakaenda kwa Mlingoti aliyesimama mlangoni. "Eti, ni kweli anayosema huyu?"

Mlingoti akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli, kaka. Mimi nabeba maboksi tu. Dada, nisamehe."

"Ah, basi sawa," baba akasema, akanyoosha mkono apewe chupa.

Hapo ndipo hasira ilipompanda Kidonge. Kumbe neno lake lilikuwa linasubiri mtu mrefu alipigie muhuri. Akaificha chupa mgongoni.

"Sikupi. Nitazame mimi, huku chini. Unampa kwa kutumia nini?"

"Kwa kibomba."

"Mpaka wapi?"

Shingo ya baba ikaanza kugeuka tena kumtafuta Mlingoti.

"Nimekuuliza wewe, na aliyekuuliza ni mimi."

Wapita njia wakasimama. Mtoto akaanza kulia. Taratibu yule baba akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wa Kidonge.

"Mpaka mstari mwekundu."

"Rudia."

Akarudia. Kidonge akamkabidhi chupa na kibomba, akageuka, akampita Mlingoti mlangoni bila kulijibu lile ombi lake la msamaha.