Kioo Hakipendi Breki

Wewe unayeshika usukani kila asubuhi, unakimbilia wapi?

Nauliza kwa sababu ya mjomba wangu, fundi wa vioo. Kwa miaka ishirini na miwili amepeleka vioo vya madirisha kwa baiskeli. Hukisimamisha kioo ubavuni mwa baiskeli, ndani ya fremu ya mbao aliyoitengeneza mwenyewe, akakifunga kwa blanketi kuukuu. Hakilazi, maana kioo kilicholala hupasuka kwa mtikisiko mdogo tu. Wala hafungi breki ghafla. "Kioo hakipendi breki," husema. Basi huenda taratibu, kwenye mstari mmoja, kama mtu aliyebeba mtoto aliyelala.

Jumanne mchana nilikuwa nyuma yake kwa baiskeli yangu. Tulikuwa tunapeleka kioo cha darasa la watoto wadogo, ambalo dirisha lake limezibwa kwa boksi tangu mvua zianze. Gari jeupe likatuandama kwa honi. Mjomba hakuwa na pa kusogea; pembeni palikuwa na mtaro. Gari likatupita kwa kasi, likanasa blanketi, nikasikia mlio kama wa sahani zinazomwagwa. Mjomba aliyumba, lakini hakuiachia baiskeli. Aliikumbatia huku vipande vikiporomokea ndani ya blanketi, visije vikamkata mpita njia.

Na gari lile? Lilikuwa limesimama hatua thelathini mbele, kwenye taa nyekundu. Haraka yote ile ilikuwa ya kuwahi kusimama.

Nikagonga dirisha. "Kaka, umeona ulichofanya?"

Dereva, kijana wa rika langu, simu mapajani, hata hakugeuka. "Mwambie mzee wako barabara si sebule."

"Ungemuua."

"Si mzima yule? Unanipotezea muda."

Taa ikawa kijani, akaondoka. Miaka mitatu chuoni nimejadili haki mpaka sauti ikakauka, na siku ilipohitajika sikuwa na neno hata moja.

Jioni mjomba alianza kukata kioo kingine. Kikatio hupita juu ya kioo mara moja tu. Ukiurudia mstari, umeharibu. Nimezoea kumwona akikata huku anatania watu, sikio moja likiwa kwenye mpira wa redioni. Jioni ile hakuwasha redio. Kioo cha kwanza kikapasuka upande. Cha pili vilevile.

Mkewe akaacha kufagia. "Baba watoto, hiyo baiskeli itaniachia ujane."

"Utapata mume mwenye gari."

"Usinichekeshe. Naongea na wewe."

"Nimekusikia, mama." Akanigeukia. "Msomi, shika huku."

Cha tatu kilikatika sawasawa, lakini jasho lilikuwa likimtiririka. Akakaa juu ya kopo la rangi, akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake kwamba kesho hapandi. Ataikokota baiskeli kwenye njia ya waenda kwa miguu, na kioo hicho kikishafika shuleni, kazi ya vioo basi.

"Na barabara?" nikauliza.

"Waichukue."

Jibu hilo lilinishtua kuliko gari lenyewe.

Asubuhi iliyofuata foleni ilikuwa imeganda. Mjomba alikokota baiskeli kwenye njia ya miguu, mimi nikiwa hatua chache mbele nikiwaomba watu wapishe. Nikasikia honi nyuma yetu. Nilipogeuka, gari la kijivu lilikuwa limepanda juu ya njia ya miguu kuikwepa foleni, na lilikuwa linamjia mjomba mgongoni.

Mjomba alisimama. Akaigeuza baiskeli ikakingama njia, akashusha stendi, akalifungua blanketi. Dereva na mjomba wakatazamana, kioo kikiwa katikati.

"Mzee, sogea, nimechelewa."

"Na mimi nimechelewa."

Honi ikalia tena, ndefu. Mjomba hakusogea. Mama mmoja aliyebeba kapu akaja kusimama kando yake, kisha fundi viatu. Dereva akarudi nyuma polepole mpaka kwenye foleni, ambako hakuna aliyempa nafasi.

Mjomba akakifunga kioo upya. Akaishusha baiskeli barabarani, akapanda.